Kazi inayojirudia kwenye programu yenye dirisha: taima au thredi?

Wakuu, kila mtu anapouliza kwa nini dirisha la programu yake linaganda, jibu ni lile lile: weka thredi, yaani mkondo wa pili wa kazi unaokwenda sambamba ndani ya programu ile ile. Naupinga ushauri huu, hasa kwa wanaoanza na Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha.

Chukulia programu ndogo inayosoma kipimajoto kila sekunde 5. Anayeanza huandika while True (mzunguko usioisha), ndani yake anasoma kipimo, anabadilisha maandishi, kisha time.sleep(5), yaani lala sekunde 5. Dirisha linapauka, kitufe cha kufunga hakiitiki. mainloop, mzunguko mkuu wa Tkinter, ndiyo inayochora dirisha na kupokea mibofyo. Ukiishikilia, hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

Hapa kinachotakiwa ni taima tu, root.after(5000, soma): iite funksheni soma baada ya milisekunde 5000. Funksheni inasoma, inabadilisha maandishi, inajipanga tena kwa after, inarudi kwa mainloop. Ila after huanza kuhesabu pale ulipoiita. Kama kusoma kunachukua milisekunde 200 na after umeiweka mwisho, mzunguko unakuwa milisekunde 5200, na kwa saa moja unapata vipimo 692 badala ya 720. Kwa hiyo piga hesabu ya muda uliobaki kwa time.monotonic(), saa isiyorudi nyuma, kabla ya kujipanga tena. Hesabu ndefu nayo hukatwa: safu 10,000 zichakate 200 kwa mara moja, kati ya kila fungu uipe mainloop nafasi.

Wanaotetea thredi wana hoja moja ambayo siwezi kuipinga. Ukiwa unasubiri jibu la seva au la hifadhidata, hakuna cha kukata vipande, unasubiri tu. Hapo thredi ni halali. Lakini isiguse dirisha! Iweke jibu kwenye queue.Queue, foleni ambayo thredi hupeana vitu kwa usalama, na after ya kila milisekunde 100 ichungulie foleni hiyo na kubadilisha maandishi.

Sharti hili la thredi kutogusa dirisha halikuanza na Python. Mwaka 2004 Graham Hamilton wa Sun, kampuni iliyotengeneza Java, alieleza kwa nini jitihada za kuruhusu thredi nyingi kugusa dirisha hukwama: matukio hupanda kutoka mfumo endeshi kwenda kwenye programu, amri za programu hushuka kwenda kwenye mfumo endeshi. Kila upande unafunga kufuli (kizuizi cha kuzuia thredi nyingine zisiguse kitu kile kile) kwa mpangilio wake, mwisho pande mbili zinasubiriana milele. Kosa la aina hii ni gumu mno kulinasa, maana linaweza kutokea kwa mteja na lisitokee kabisa kwenye mashine yako.

Na kwa hesabu nzito ya Python tupu, thredi haileti kasi mnayoitarajia. Kwenye CPython ya kawaida, ndiyo Python inayotumiwa na wengi, ni thredi moja tu inayotekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, kwa sababu ya GIL, kufuli moja kuu la Python nzima. Toleo 3.13 la 2024 lilileta aina isiyo na GIL, lakini wakati huo kwa majaribio, na unaisakinisha pembeni. Kazi ya namna hiyo naipeleka multiprocessing, moduli inayoiendesha kwenye mchakato tofauti wenye Python yake.

Asiyekubaliana nami alete msimbo wake: hesabu nzito ya Python tupu kila sekunde ndani ya thredi, na dirisha lenye kisanduku cha kuandikia. Tuandike humo wakati hesabu inaendelea, tuone herufi zinachelewa kiasi gani.