Waifu nesi, mimi fundi umeme, tuna mtoto mdogo: twende UK wote au atangulie yeye?

FundiKirumba
Habari zenu wakuu, naomba ushauri hasa kwa mlioko UK saivi. Mimi na waifu tuko Mwanza, wote hatujafika thelathini, yeye nesi mwenye digrii, yuko wodini na leseni ya Baraza la Wauguzi iko hai, mimi fundi umeme nimetoka VETA nina leseni ya EWURA. Tuna binti mmoja ndo kwanza anatembea. Kuondoka tumeshaamua, tumeongea na wazee pande zote mbili wametubariki, kilichobaki ni njia ya kupita.

Kuna ejenti Dar anasema ana nafasi za kazi za keya, zile za kuhudumia wazee na wagonjwa, waifu aende haraka kama keya halafu akifika abadilishe awe nesi, mimi na mtoto tufuate baada ya miezi mitatu kama wategemezi. Anataka milioni 9 za CoS, ile hati ya udhamini ya mwajiri, nusu kabla mwezi haujaisha, eti nafasi zimebaki chache. Broo wangu anasema tuuze kiwanja cha Buswelu tumalize kazi, waifu hataki kabisa, yeye anataka aingie kama nesi hata ikichelewa. Mama naye anashauri waifu aondoke na mtoto mimi nibaki nimalizie tenda niliyonayo ndo nifuate. Kila mtu ana lake kichwa kinauma wakuu. Mnaoishi huko mngefanyaje? Na mimi fundi nikifika naruhusiwa kufanya kazi au nakaa tu nyumbani?

NesiWaLeeds
Mdogo wangu huyo ejenti usimpe hata mia, naomba sana, na umsikilize mkeo. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu nimeona ndoa za watoto wetu zinavunjika na viwanja vinaenda kwa maneno hayo hayo.

Kwanza njia ya keya anayokuuzia haipo tena. Tangu tarehe 11 Machi 2024 keya anayeingia UK haruhusiwi kuleta mume wala mtoto, na tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa maombi mapya ya keya kutoka nje ya nchi. Kwahiyo hata angempata sponsa wa kweli wewe na binti mngebaki Mwanza, hiyo "miezi mitatu mnafuata" ni maneno ya kuchukulia hela. Pili CoS haiuzwi. Mwajiri ndo anailipia, kwa viwango vya Aprili 2025 ilikuwa pauni 525, na kanuni za udhamini zinamkataza kumtwisha mfanyakazi huo mzigo. Tatu, na hili wengi hawalijui, Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya UK kwa wafanyakazi wa afya, maana yake waajiri na maejenti hawaruhusiwi kuja kutafuta manesi kwetu kwa sababu nchi yenyewe ina upungufu. Lakini nesi akiomba mwenyewe moja kwa moja anaruhusiwa. Ukishajua hilo, mtu akikwambia hospitali ya Uingereza imemtuma Dar aokote manesi unajua umefika kwa nani.

Sasa njia ya mkeo. Nesi bado anaruhusiwa kuja na mume na mtoto, hiyo haijaguswa. Aanze na Kiingereza, kwenye mtihani wa IELTS Academic anatakiwa 7 kusoma, kusikiliza na kuongea, kuandika 6.5, au afanye OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, wengi wanaiona afadhali maana mambo yake ni ya wodini. Kuandika ndo kunaangusha watu wetu, ajifunze kuandika kila siku na ampate mtu wa kumsahihisha kwa ukali. Halafu anafungua maombi NMC, ndo baraza la wauguzi la UK, Baraza la nyumbani linatuma uthibitisho wao moja kwa moja, anafanya CBT ambayo ni ya kompyuta, ina hesabu za dozi na maswali ya uuguzi. Akishapita hapo ndo anaomba kazi mwenyewe kwenye NHS Jobs, tovuti ya ajira za hospitali za serikali, intavyuu zinafanyika kwa video. Sitakudanganya, siku hizi trust nyingi, yaani taasisi zinazoendesha hospitali za NHS, zimepunguza kuajiri kutoka nje kwahiyo anaweza kuomba sana kabla ya kuitwa, asikate tamaa na asirushe maombi yanayofanana kila mahali, wanaangalia kama amejibu kile walichoandika kwenye tangazo.

Akipata kazi inakuja viza ya Health and Care. Kwa viwango vya Aprili 2025 ilikuwa pauni 304 kila mtu kwa viza isiyozidi miaka 3, na uzuri wake mkubwa hamlipi ile tozo ya afya ambayo wengine wanalipa 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kila mwaka. Nyie watatu kwa miaka 3 mnaokoa zaidi ya pauni 8,500 hapo tu. Hela ya kuonyesha benki ni 1,270 yake, 285 yako na 315 ya mtoto, ikae siku 28 bila kushuka, ila trust nyingi zinaandika kwenye CoS kwamba zitawahudumia mwezi wa kwanza, akishapata kazi aulize kama wanawaandikia na nyie wategemezi, wakiandika hamuonyeshi chochote.

Kapteni255
Dada hapo juu kamaliza, mimi naongeza la makaratasi tu. Mkuu mmefunga ndoa wapi? Kama ni ya kimila tu au mna kile cheti cha kanisani kinachowekwa kwenye fremu, nendeni mkahakikishe imeandikishwa serikalini mpate cheti cha ndoa kinachotambulika, na cha kuzaliwa cha binti kiwe cha RITA chenye majina yenu yote mawili. Majina yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Jamaa yangu mke wake kwenye cheti alikuwa na jina la babu na kwenye pasipoti halipo, wakaanza kuhangaika na viapo wakati tarehe ya kuanza kazi inakaribia. Pasipoti laki na nusu kila mtu, anzeni nayo saivi.

MwanaMvita
Pole sana ndugu. Mimi ni wa Mombasa niko Birmingham, nilikuja kama keya 2023 kabla hawajafunga, mume wangu akaja nami. Sisi Wakenya nchi yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza 2021 ya kupeleka manesi, kwa hivyo njia zetu na zenu ni tofauti kidogo, lakini shida za keya ni zile zile. Kampuni iliyonileta ilinyang'anywa leseni ya kudhamini. Barua ikaja kwamba nina siku 60 nipate sponsa mwingine ama tuondoke, na viza ya mume wangu imefungwa kwangu, yangu ikianguka na yake inaanguka. Tulikuwa tushalipa nyumba, yeye yuko kazini, ghafla twakaa mezani twahesabu siku. Nilipata sponsa mwingine kwa taabu kubwa na nashukuru Mungu, wenzangu wengi hawakupata.

Kwa hivyo nami nasema bibiyo aje kama nesi kwa mwajiri mkubwa. Jina la kila mwajiri laangaliwa kwenye orodha ya wadhamini iliyo kwa tovuti ya serikali yao, ni bure, haihitaji ejenti. Na yule anayesema "ingia kama keya utabadilisha ukifika", muulize nani atamlipia bibiyo mtihani na nani atampa mda wa kusoma akifanya shifti za masaa 12.

FundiKirumba
Asanteni sana sana. Nimemsomea waifu yote, amefurahi mpaka basi. Ejenti nimemwambia tumeghairi amekuja juu kinoma. Ndoa yetu ni ya kanisani na tuna cheti cha serikali kwahiyo hapo tuko sawa. Bado sijaelewa hili la kutangulia, kwamba waifu aondoke na mtoto mimi nifuate mwishoni mwa tenda. Na kazi yangu mimi?

BabaJunior_Coventry
Mkuu mimi ndo wewe, mke wangu nesi mimi fundi magari, nakujibu hili.

Mama yako ana nia njema ila mpango wake una tatizo. Mtoto anapewa viza kama wazazi wote wawili wako UK au wote wanaenda, isipokuwa mzazi mmoja awe ndo mlezi pekee kisheria. Waifu akiomba na mtoto huku baba yupo Mwanza hai na ndoa ipo, maombi ya mtoto yako kwenye hatari ya kukataliwa. Mna njia mbili tu zilizonyooka: mnaomba wote pamoja, au yeye anatangulia peke yake wewe na binti mnafuata. Sisi tulichagua ya pili na ningekushauri hivyo hivyo, sababu ni OSCE. Huo ni mtihani wa vitendo, vituo 10, anatakiwa aufanye ndani ya miezi mitatu tangu tarehe ya kuanza kazi na mwisho wa kufaulu ni miezi 8, asipofaulu kazi inaisha na viza inafuata. Mke wangu alikuwa anakaa hosteli ya hospitali na manesi wenzake, jioni wanafanyiana mazoezi, mmoja analala kitandani kama mgonjwa mwingine anapima presha na kujieleza kwa sauti kila anachokifanya, kunawa mikono kwenyewe kuna hatua zake ukiruka moja umekatwa. Sasa fikiria hapo yuko na mtoto analia, nyumba haijapatikana, na wewe hujui hata duka liko wapi. Mwache afaulu, apate pini, yaani namba ya usajili wa NMC, atafute nyumba, wewe huko nyumbani malizia tenda yako na ukae na binti. Ila mkubaliane mapema mtaongea saa ngapi kila siku, na hela anayotuma ni ya nini, hayo mawili yasiposemwa yanaleta maneno.

Kuhusu kazi, mtegemezi wa nesi anaruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote bila sponsa, usimsikilize anayekwambia utakaa ndani. Ila leseni ya EWURA huku haikupi kazi ya kusaini umeme wa nyumba ya mtu. Watakutaka kozi ya 18th Edition ambayo ni kanuni zao za nyaya, na kadi ya ECS ya mafundi umeme, kwahiyo utaanza kama msaidizi wa fundi au ghala kama wengi wetu tulivyoanza. Beba vyeti vyako vyote vya VETA na barua za tenda ulizofanya zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Leseni ya gari ya Tanzania utaendeshea miezi 12 tangu uanze kuishi huku, baada ya hapo haibadilishwi, unafanya mtihani wao kuanzia nadharia, kwahiyo usingoje mwezi wa kumi na moja.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni mtoto. Nesi anayeanza Bendi 5, ndo ngazi ya mshahara ya NHS, mshahara wa 2025/26 ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka, ukitoa kodi na pensheni anashika kama 2,000 kwa mwezi. Chekechea ya mtoto mdogo siku zote za wiki inazidi 1,000 kirahisi. Yale masaa 30 ya bure utakayoyasikia Waingereza wakiyasifia nyie hamtayapata kwa sababu viza zenu wote wawili zimeandikwa hakuna msaada wa serikali, mtakachopata ni masaa 15 kuanzia muhula unaofuata akitimiza miaka mitatu. Ndo maana utakuta mke anaingia shifti ya usiku mume anatoka ya mchana wanapishana mlangoni, mtoto anahamishwa mkono. Inawezekana, tumefanya, lakini mpangilie shifti mkiwa bado Mwanza, na yeye akishazoeana na meneja wa wodi aombe mapema ratiba isiyobadilika.

NesiWaLeeds
Kweli kabisa Baba Junior. Na FundiKirumba, usije na hesabu ya miaka 5 ya kupata makazi ya kudumu kama wanavyokwambia mtaani, Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuipeleka 10 kwa watu wengi, fuatilia tovuti yao wenyewe kila mara.

Kiwanja cha Buswelu msiuze. IELTS na CBT mnazimudu kwa mishahara yenu kidogo kidogo, na trust nyingi zinalipa OSCE ya kwanza na tiketi yake ya ndege. Mwambie mdogo wangu aniandikie inbox, nitamsahihishia insha zake kila Jumapili nikiwa ofu, simtozi kitu.