.308 au 6.5 Creedmoor kwa shabaha ya mbali?

Bonde_Naks: Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, nimeweka akiba miaka mitatu ninunue bunduki ya kulenga mbali. Nimekwama kati ya risasi za aina mbili, .308 na 6.5 Creedmoor. Ipi bora?

Mzee_wa_Molo: Kijana, "mbali" ni mita ngapi? Mashindano au mazoezi? Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo ya swara tuyaache. Sema kwanza.

Upepo_wa_Ziwa: 6.5, usisitesite. Kasi yake ikitoka mtutuni ni karibu sawa na ya .308, ila kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, ni kirefu na chembamba, upepo haukipeperushi ovyo. Bega nalo linapumzika. Njoo Kisumu alasiri, ziwa likianza kuvuma utanielewa.

Mzee_wa_Molo: Na mtutu? Wa 6.5 huchoka kwa risasi 2,000 hadi 3,000. Wa .308 hufika 5,000. Hiyo ni akiba ya miaka mitatu, ndugu yangu!

Mlengaji_Eldy: .308 iliwahi kuniumiza roho. Yadi 1,000, mtutu wa inchi 20, kichwa chenye uzito wa greni 168. Mpaka 600 nilikuwa nagonga katikati. Kule 1,000 mbili zikaingia, ya tatu sikujua ilikoenda. Karatasi iliposhushwa nikaona tundu refu kama punje ya maharagwe, pembeni kabisa: risasi ilipita kiubavu. Fundi akanieleza kwamba kasi ikishuka karibu na ya sauti, kichwa kile huanza kuyumba. Nikahamia greni 175, tundu kama lile sijaliona tena. Bonde, uzito wa kichwa usiusahau.

Upepo_wa_Ziwa: Si ndiyo nasema, dada? 6.5 ingefika bado ina mbio.

Mlengaji_Eldy: Lakini F-TR, daraja la mashindano ya shabaha ya mbali, hukubali risasi za .308 na .223 pekee. Akija na 6.5 atapangwa daraja la F-Open na watu wenye mitutu mizito.

Bonde_Naks: Samahani, sikusema. Uwanja ninaoruhusiwa unaishia mita 300. Ila ndoto yangu ni kushindana uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza.

Mzee_wa_Molo: Mita 300! Hapo zote mbili zatosha. Omba cheti chako kitaje risasi za kutosha mazoezi.

Upepo_wa_Ziwa: Na Bisley je, Mzee? Atanunua bunduki mara mbili?

Kijana_Kakamega: Darubini naye achukue ya ukuzaji gani? Mimi nina ya mara 25.

Mlengaji_Eldy: Saa saba mchana ukiiweka 25 unaona mawimbi ya joto tu. Mimi hurudi 12.