Fundi kanifungia hita ya gesi BAFUNI, bomba la moshi kaliacha kwenye boksi!!

Wakuu kwema? Huku kwangu si kwema, nina hasira hapa hata chai haishuki.

Hita yangu ya zamani ilikuwa nje ukutani, maji yetu huku Goba ni ya kisima, chumvi tupu, imepiga miaka minne koili ikatoboka. Na kabla hamjaanza zile za "Dar na joto hili hita ya nini", ndani kuna mzazi wa wiki mbili na mama mkwe kaja kumkanda, hapo maji ya moto ni ndoo kwa ndoo asubuhi na jioni.

Basi nikashuka Kariakoo nikachukua nyingine, muuzaji akanipa na namba ya fundi, eti huyu ndo anafunga zote. Jamaa kaja, kaangalia pale ilipokuwa ya zamani, akasema bosi huku nje upepo utakuwa unazima moto, tuisogeze ndani bafuni, hata mpira wa gesi unakuwa mfupi. Nikakubali kama zuzu. Masaa mawili kamaliza, kachukua 70,000 yake na hela ya boda juu, kasepa.

Siku ya tatu mama mkwe anatoka kuoga kashika ukuta, kichwa kinamgonga na anataka kutapika. Tukajua presha, tukampeleka kupima, iko sawa. Kesho yake waifu naye hivyo hivyo!! Ndo akili ikanirudi. Nikaingia bafuni nikafungulia maji nikachungulia kile kitundu cha kuonea moto, badala ya bluu naona moto wa njano unapepea kama kibatari, na ukutani juu ya hita masizi yameshaanza. Kidirisha chenyewe tulikiziba na nailoni sababu ya mbu. Nikakimbilia stoo kufungua boksi, bomba la moshi limelala humo na elbo yake, hata mfuko wake haujachanwa.

Nampigia, ananijibu "bosi hilo bomba ni la nchi za baridi". Yaani!! Moshi nao unauliza hali ya hewa? Gesi ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ile harufu mnayosikia mtungi ukivuja inawekwa makusudi ili mshtuke, hii nyingine hakuna wa kukushtua, unaishiwa nguvu taratibu umejifungia na komeo, watu wanakuja kuvunja mlango umeshaondoka. Na waifu alikuwa kapanga wikiendi hii mtoto aogeshewe humo humo.

Nikaita fundi mwingine, huyu anafunga gesi za migahawa. Kazima mtungi hata salamu hajamaliza. Kumbe regyuleta niliyowekewa ni ya hai presha, ile ya majiko makubwa ya kukaangia chipsi, wakati hita inataka ya lo presha. Halafu akapaka povu la sabuni kwenye maungio akafungua gesi kidogo, pale mpira unapoingia kwenye hita povu likavimba likapasuka, likavimba tena. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini sakafuni, na mama mkwe alikuwa anaoga kakaa kwenye kigoda.

Sasa imerudi nje ukutani chini ya paa, bomba la moshi limefungwa, moto bluu. Lakini nimelipa mara mbili, na wa kwanza hela yangu hataki kurudisha, kaniblok. Muuzaji naye anasema "mimi nauza, sifungi". Si wewe uliyenipa namba?? Jumamosi nakwenda pale dukani kwake na lile boksi na hiyo regyuleta, nakaa mlangoni mpaka 70,000 yangu itoke, mwenye nafasi anisindikize.

Mama mkwe hataki hata kupita karibu na hita, kawasha jiko la mkaa uani anachemsha maji kwenye sufuria la pilau.