Yule Bwana wa Kofia Nyeupe Ameniambia Nikanunue Kinga ya Makala!

MamaSamaki ameandika:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, mikono bado inanitetemeka ninapoandika haya. Yule bwana wa kofia nyeupe anayeuza pikapu kandokando ya barabara, ambaye nyote mnamjua na ambaye nusu ya mji huu imekwisha kumlaani, amenitukana leo mbele ya fundi wangu, mbele ya mwanangu na mbele ya kila aliyekuwa akipita. Maneno yake ni haya: «Mama, kama unaogopa moshi, nenda ukanunue kinga ya makala.» Mimi! Kinga ya makala, ile baiskeli ya kusukumia magunia ya makaa!

Nilikuwa natafuta pikapu ndogo, Hilux ya kabini moja, ya kuniletea samaki kutoka Kasenga, kwa sababu nimechoka kulipia magari ya watu ambayo hunishushia mzigo wakati samaki wamekwisha kunuka na wateja wamekwisha kwenda zao. Akanionyesha moja nyeupe, ya kile kizazi kilichotengenezwa kati ya 1988 na 1997. Akaapa kwa marehemu mama yake kwamba injini ni 3L, dizeli ya lita 2.8, na kwamba gari limetoka Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapita Tunduma, likavuka Zambia yote na kuingia mpakani kwetu Kasumbalesa bila kubeba hata gunia moja la unga. Nikampa avansi, yaani malipo ya kwanza. Leo nimerudi na fundi na dola zilizobaki ili tumalize.

Sasa sikilizeni vizuri. Bwana huyo aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, akazichukua dola zangu na kuziinua moja moja kwenye jua. Akazigeuza. Akapitisha ukucha kwenye kila pembe. Noti moja ya mia ilikuwa na mpasuko ambao hata sisimizi angeuruka bila kuuona, naye akanirudishia kwa vidole viwili, akasema hiyo haipokei. Sina neno hapo, ndiyo desturi ya mji wetu, hata mimi sokoni siipokei noti iliyopasuka. Lakini fundi wangu alipotandika gunia ili alale chini ya gari, bwana huyo aliruka kutoka kitini akapaza sauti kwamba gari halichunguliwi, gari linawashwa! Karatasi yangu inakaguliwa mpaka Franklin mwenyewe, yule wa kwenye noti ya mia, anaona haya, ilhali zaidi ya tani moja ya chuma haitakiwi kukaguliwa!

Fundi wangu hakumsikiliza, Mungu ambariki. Alikwenda moja kwa moja kwenye chasisi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele, mahali ambapo Toyota hugonga namba ya Hilux. Namba ilikuwa imesagwa na mashine, na juu yake imepakwa rangi nyeusi mbichi iliyobaki kwenye kidole chake. Akainama chini ya dashibodi. Gari hilo lilizaliwa na usukani kulia, wakauhamishia kushoto; tundu la zamani limezibwa kwa kipande cha bati na mastiki ya kuzibia mashimo, na mhimili wenyewe wa usukani umeungwa kwa kuchomelewa, kwa donge la chuma ambalo mwanangu aliweza kulishika kwa mkono. Donge hilo ndilo lingeamua kama ninafika Kasenga au ninatumbukia mtoni Luapula pamoja na samaki wangu! Kisha akaangalia kwenye bloku ya injini: imegongwa 2L, ile ndogo ya lita 2.4, wala si 3L. Walipowasha, akafungua kifuniko cha oili, na pumzi ikatoka hapo kwa nguvu. Nyuma kulitoka moshi wa buluu ambao nina hakika waliuona Kipushi, na pengine walifunga madirisha.

Ndipo nilipouliza, kwa adabu niliyofundishwa nyumbani: «Papa, moshi huu ni wa nini?» Naye, bila hata kusimama, huku bado ameshika dola zangu, akanijibu habari ya kinga ya makala. Watu wakacheka. Mwanangu alitazama chini.

Dola za leo nilizinyakua mkononi mwake. Avansi amekataa kuirudisha, anasema imekwisha kuliwa na «gharama za kulinda gari». Kulilinda dhidi ya nani? Nani angeiba gari ambalo halina namba, halina ringi za pistoni na linaendeshwa kwa donge? Lakini avansi ninaweza kuilia nikanyamaza. Neno lile sinyamazi. Mwanamke aliyelisha mji huu samaki miaka yote hii anaambiwa akasukume kinga ya makala kwa sababu ameuliza swali la moshi!

Mwana_Katuba ameandika:

Mama, pole sana. Huyo tunamjua, na kofia yake tunaijua. Mimi aliniambia nikanunue punda, ilhali tangu nizaliwe sijaona punda hata mmoja Katuba. Pikapu aliyomwuzia kaka yangu ilikuwa na rangi nzuri ya kumetameta, lakini mvua ya kwanza ya Novemba ilipopiga, rangi ikaanza kuachana na bati na tukagundua kwamba mlango mzima ni mastiki. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole haulii kama chuma, unanyamaza.

PapaLikasi ameandika:

Mama yangu, ninakuheshimu, lakini niruhusu nikuulize: ni nani katika nchi hii anayetoa avansi kabla fundi hajalala chini ya gari? Unapima samaki mmoja mmoja, unamfungua mashavu, unamnusa, halafu pikapu unainunua kwa kuitazama rangi? Bwana wa kofia ni mwizi, hilo halina ubishi, ila ulimfungulia mlango na kumpa kiti.

MamaSamaki ameandika:

PapaLikasi, usinifundishe biashara. Bila avansi gari linauzwa usiku huohuo kwa mwingine, na hilo unalijua, kwa sababu hata wewe ungelinunua. Mimi sikuja hapa kuzungumzia avansi. Nimekuja kuzungumzia mtu mzima anayemwambia mama wa watu, mbele ya mwanawe, «nenda ukanunue kinga ya makala». Hilo ndilo mlijibu.

Kinga_Haizimi ameandika:

Basi nalijibu mimi. Baba yangu alisukuma kinga ya makala kutoka porini mpaka mjini, magunia yakiwa marefu kuliko yeye, na kwa kinga hiyo nimesoma mpaka nikamaliza shule. Kinga yake haikuwahi kutoa moshi wa buluu, wala namba yake haikusagwa na mtu. Ninasikitika kuona kwamba kila anayeandika hapa analichukua jina la kinga kuwa tusi. Yule bwana hakukutukana wewe peke yako, Mama, alitutukana sisi, nawe unamsaidia kulirudia.

MamaSamaki ameandika:

Mwanangu, baba yako ninampa heshima zote, na makala yake bila shaka nimepikia. Lakini hukuwepo, hukuisikia sauti aliyoitumia. Aliivuta ile «kiiinga» mpaka mtaa mzima ukageuka!

Fundi_Kamalondo ameandika:

Niseme ya kazi kidogo. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, na pumzi inayotoka kwenye kifuniko huthibitisha kwamba ringi au silinda zimelika. Mweusi mara nyingi ni dizeli nyingi kupita hewa, tatizo la nozeli au kichujio. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ndio wa kuogopa zaidi ukiona maji ya rejeta yanapungua. Injini za 2L ni imara zikitunzwa, lakini zikichemka mara moja, kichwa cha injini hupasuka kwa urahisi, na wauzaji wanajua kukiziba ili kivumilie muda wa kujaribishwa tu. Kwa hiyo msikubali kulikuta gari limekwisha kuwashwa na injini ina joto. Wekeni mkono juu ya injini kabla ya kusalimiana na muuzaji.

Kuhusu namba iliyosagwa, Mama, hata kama angekupunguzia bei kwa nusu, usilichukue. Karte rozi, ile kadi ya gari, itasema jambo moja, chasisi itasema jingine, na siku polisi wa rulaje, wale wa barabarani, watakapolinganisha utaulizwa wewe, wala si kofia nyeupe.

Ila hasira yangu kubwa ni kwa hao wanaohamisha usukani. Usukani wa kulia uacheni kulia! Tumezoea kuuendesha hivyo, na nusu ya pikapu za Katanga zinatembea hivyo. Mhimili wa usukani hauchomelewi, nimesema na nitasema.

Shemeji_wa_Kolwezi ameandika:

Fundi, tumezoea nini? Wewe unakaa gereji. Njoo uendeshe barabara ya Likasi nyuma ya lori la madini, ukiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, umekaa karibu na mtaro na huoni lolote isipokuwa tela. Ili nipite, lazima mke wangu achungulie upande wake aniambie «nenda» au «rudi». Siku tukiwa tumegombana nyumbani, haniambii chochote mpaka Likasi! Mimi ningelipa chochote kupata Hilux ya usukani wa kushoto iliyotoka kiwandani hivyo, lakini nyingi zinazofika huku kupitia Dar es Salaam zimetoka Japani, na hao wanaendesha kushoto. Ndiyo maana watu wanahamisha.

Nusu_Tani ameandika:

Nyote mnapoteza wakati na Hilux zilizozeeka kuliko wapangaji wenu. Nunueni pikapu ndogo za Afrika Kusini. Nissan NP200 inabeba kilo 800, inakunywa mafuta kidogo, na ilitengenezwa mpaka 2024, kwa hiyo huwezi kuuziwa ya wakati wa Zaire. Malalamiko yangu ni mengine: niliyonunua mimi mita ilionyesha kilomita 80,000, lakini mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa, na kiti cha dereva kimebonyea kabisa. Ni mguu gani huo uliokula chuma kwa kilomita 80,000? Nilipomwuliza muuzaji, aliniambia mwenye gari alikuwa mtu mnene. Huyu si wa kofia nyeupe, ni yule mwingine wa shati la maua, nanyi pia mnamjua.

Mwana_Katuba ameandika:

Wa shati la maua! Usinikumbushe. Huyo alimwuzia shangazi yangu betri ya kuazima. Gari liliwaka vizuri barazani kwake, na kesho yake kijana akaja kuifuata betri.

Mnunuzi_Ruashi ameandika:

Samahani wakubwa, ile Hilux nyeupe yenye 2L bado ipo? Bei yake ya mwisho ni ngapi?

MamaSamaki ameandika:

Wewe wa Ruashi, hujasoma? Hujasoma alivyoniambia? Nenda basi, na ukimwuliza habari ya moshi utajua mwenyewe utakachotumwa kununua!

PapaLikasi ameandika:

Nusu_Tani, hiyo NP200 yako inavutwa na magurudumu ya mbele. Ipakie unga wa kutosha nyuma, uje nayo barabara ya Kasenga mwezi wa pili mvua ikiwa imeshiba, halafu uniite nikuvute kwa Hilux yangu iliyozeeka.

Nusu_Tani ameandika:

Papa, barabara hiyo mwezi wa pili hata Hilux yako nimeikuta imezama mpaka kwenye milango, na waliokuwa wakiisukuma ni watu sita wenye kinga. Tusidanganyane hapa. Na bado hujajibu habari ya mafuta: unatumia lita ngapi kwenda na kurudi?

Shemeji_wa_Kolwezi ameandika:

Mwacheni Papa na mafuta yake. Fundi, ninakungoja unijibu kuhusu usukani. Kama mhimili hauchomelewi, basi tuambie nani hapa mjini anayebadilisha kwa vifaa kamili vya usukani wa kushoto, kuanzia boksi mpaka mhimili, na usinitume kwa yule wa Kenya, hapa hapa mjini kwetu, ambaye aliacha breki ya rafiki yangu upande wa kulia na usukani upande wa kushoto.

Fundi_Kamalondo ameandika:

Huyo wa Kenya ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alitoroka kabla sijamfundisha breki.