Fladilaiti ya nje inawaka hovyo usiku, tatizo sensa au fundi?

Mkazi_Kigamboni
Wakuu habari za jioni. Nina fladilaiti mbili za LED wati 50 hapa home, moja inamulika geti nyingine iko nyuma kwenye banda la kuku, zote zinawashwa na swichi za smati na kila moja ina sensa yake ya mwendo ya Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vya smati), zile za betri. Sasa ya nyuma inawaka hovyo usiku kucha na hakuna mtu, inazima kidogo tu inawaka tena, jirani kashaanza kuninunia maana mwanga wote unaingia chumbani kwake. Ya geti ndo kinyume, mtu anafungua anatembea weee mpaka anakaribia mlango ndo inashtuka. Na umeme ukikatika ukirudi zote zinawaka zenyewe. Sensa feki au fundi kaniingiza mjini?

wayamwekundu
Sensa ya nyuma imefungwa wapi hasa? Kuna AC karibu?

Mkazi_Kigamboni
Iko chini ya taa yenyewe mkuu, na ile mashine ya nje ya AC ya chumbani iko pembeni yake kama mita moja hivi.

wayamwekundu
Basi sensa nzima hiyo, imewekwa pabaya tu. Hizi sensa hazioni mtu kama kamera, zinashika mabadiliko ya joto linalopita mbele yake, sasa AC ikipuliza hewa ya moto mbele ya sensa yenyewe inajua kuna kiumbe kapita. Na taa ikiwaka inapata moto, ikizima inapoa, hapo hapo inaweza kujishtua yenyewe ndo maana unaona mchezo hauishi. Raha ya sensa ya betri ni kwamba si lazima ikae na taa, ihamishie ukuta mwingine, urefu mita 2 hadi 2.5, isitazame AC wala migomba.
Ya geti fundi kaielekeza geti uso kwa uso. Mtu anayeijia sensa moja kwa moja inachelewa kumshika, anayekatiza mbele yake inamshika fasta. Ifunge ukuta wa pembeni ili anayeingia aikatize. Na msimu wa joto kali usishangae ikizubaa, hewa ikikaribia joto la mwili mtu haonekani vizuri.

BabaTwins
Mnajitesa bure. Nenda Kariakoo kachukue fladilaiti yenye sensa yake, ina vinobu vya LUX (giza kiasi gani ndo iwake) na TIME (iwake muda gani), unazungusha umemaliza. Mambo ya simu kuwasha taa ya kuku ya nini jamani

dada_wa_mitambo
@BabaTwins kwa taa moja upo sahihi kabisa. Ila hiyo huwezi kuiambia geti likiguswa saa 8 usiku na ya nyuma iwake na simu ipige kelele, na ukitaka kubadilisha muda unapanda ngazi.
Mtoa mada, ingia kwenye setingi za swichi utafute hali ya umeme ukirudi, weka izime, nyingine zinakuja zimewekwa iwake au ikumbuke ilivyokuwa. Masharti yako ya taa iwake lini yakikaa kwenye seva ya nje basi bando likiisha taa hazisikii, ndo maana wengi tunahamia Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya smati, kwenye kompyuta ndogo ya ndani, Zigbee inaendelea hata bila intaneti ilimradi kompyuta ina umeme. Muda wa kuanza usiandike saa, weka jua likizama, na hakikisha apu inajua uko Dar, nimeona za watu zinafuata saa za China.
Taa za LED zikiwa nyingi kwenye swichi moja weka kontakta (swichi kubwa ya kubeba umeme mwingi), zikiwaka zinavuta umeme mwingi kwa mara moja na rilei ndogo ya ndani ya swichi inaganda, taa haizimi tena.

Mkazi_Kigamboni
Shukrani sana, kumbe AC ndo mchawi. Kesho naihamisha ya nyuma na taa naiinamisha iangalie chini jirani apumzike. Nitapanda mwenyewe, fundi hapokei simu.

wayamwekundu
Sensa poa haina shida. Ila ukigusa taa zima meini swichi kwanza, usiamini kuzima kwenye simu, kama fundi alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme) taa itakuwa imezima na umeme uko pale pale.