Wamasai wanakula nyama na maziwa: je, lehemu inasingiziwa?

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna hoja inazunguka sana WhatsApp, imeshafika hadi kwa wazazi wetu: Wamasai wameishi kwa nyama na maziwa tangu enzi na moyo hauwasumbui, kwa hiyo lehemu, au kolesteroli, ni kitisho cha wauza dawa tu. Wapo wenye kisukari, hata waliokwisha kupata shambulio la moyo, wanaoacha statini, yaani dawa za kushusha lehemu, kwa ujumbe huo. Msimamo wangu nautoa mapema: hoja hiyo imekatwa katikati.

Utafiti wenyewe ni wa kweli. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima Wamasai, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Tusichosimuliwa ni kwamba lehemu katika damu yao nayo ilikuwa chini. Sasa mtu ambaye majibu yake ya maabara yako juu anajiteteaje kwa watu ambao yao yalikuwa chini?

Kisha mwaka 1972 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani. Kilichowakinga, kwa maelezo ya Mann mwenyewe, ni ukakamavu wa miili: mishipa ilikuwa imetanuka, damu ikaendelea kupata njia. Wengi wetu mijini tunashinda tumekaa.

Wanaotutisha na kiini cha yai, kwa kuwa kina lehemu, nao wanakosea. Lehemu nyingi mwilini hutengenezwa na ini lenyewe. Mafuta ya nyama, siagi na mawese ndiyo yanayolifanya ini lizembee kuiondoa LDL, yaani chembe zinazobeba lehemu, kwenye damu. LDL hiyo inapenya ukuta wa mshipa, inarundikana miaka na miaka bila maumivu yoyote, hadi siku rundo linapasuka, damu inagandia hapo na njia inaziba. Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa watoto: wapo wanaorithi kwa baba na kwa mama kasoro ya kuondoa LDL, na wengine hupata shambulio la moyo kabla ya miaka 20, bila sigara wala kisukari. Wanasayansi wa Marekani Brown na Goldstein, walioeleza jambo hilo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Na dawa? Jaribio la Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa wa moyo 4,444, lilionyesha kuwa simvastatini, mojawapo ya statini, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 hivi. Kwa aliyekwisha kuugua moyo sioni ubishi. Ubishi wa haki uko kwa mtu ambaye hajaugua, lehemu imepanda kidogo: apewe kidonge cha maisha, au aanze na chakula na mazoezi? Karibuni.

Mchangiaji: Mkuu, nimekuelewa, ila hujagusa madhara. Mama yangu alipoanza statini miguu ilimuuma hadi ngazi zikamshinda. Na aliandikiwa bila kupimwa lehemu hata mara moja! Watu wakikimbilia WhatsApp tusiwashangae.

Mleta mada: Pole kwa mama, ndugu yangu. Maumivu ya misuli yapo kweli. Katika majaribio ambayo mgonjwa hajui amepewa nini, hata wanaomeza kidonge kisicho na dawa hulalamika sana, kwa hiyo si kila maumivu ni ya statini. Lakini hilo halimpi daktari ruhusa ya kumpuuza mama. Arudi, aseme. Dozi inaweza kupunguzwa au aina ikabadilishwa. Kuhusu kuandikiwa bila kupimwa, nakuunga mkono kabisa. Wapo wenye kisukari wanaostahili dawa hata kama lehemu haijapanda sana, ila waelezwe sababu, na damu ipimwe kujua ilikuwa wapi na imefika wapi.

Mchangiaji wa pili: Mimi niko maabara. Wagonjwa wengi huuliza jumla tu, "imefika ngapi?" Jumla inaweza kupanda kwa sababu HDL, ile inayorudisha lehemu kwenye ini, iko juu. Ombeni mwonyeshwe LDL, HDL na trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) kila moja peke yake, na karatasi mkae nayo nyumbani ili kipimo kijacho kilinganishwe.