Acheni kumwita Gravesen garasa, waliokosea ni Real Madrid!

Wakuu, leo mnivumilie, nimekereka.

Jana kibanda umiza, muda wa mapumziko, stori zikahamia kwenye usajili mbovu wa Real Madrid. Hata dakika haijaisha, jamaa mmoja kamtaja Thomas Gravesen, yule kiungo kipara wa Denmark waliyemtoa Everton, kibanda kizima kicheko. Eti Madrid walimtaka Lee Carsley, kiungo mwenzake pale Everton, naye kipara, wakachanganya vipara! Nikawauliza, nani hapa alimwona akicheza Everton? Kimya. Mmoja akasema yeye kaona klipu. Klipu!

Haya, tuwekane sawa. Msimu wa 2003/04 Everton walimaliza wa 17. Agosti 2004 wakamuuza Rooney, watu wakaanza kuwaandalia matanga. Kufika Desemba wako juu huko na wakubwa, wamempiga Liverpool 1-0 (bao la Carsley, ndiyo, najua mtacheka), na injini ya timu ni huyo huyo Gravesen wenu. Kocha David Moyes alimwacha Carsley nyuma akabe na kufagia. Gravesen kazi yake ilikuwa mbele ya Carsley: kupanda na mpira, kupiga pasi ndefu, kugombana na kila anayepita. Narudia, maana humu kuna wagumu wa kuelewa: MKABAJI ALIKUWA CARSLEY.

Dirisha dogo Januari 2005, mkataba umebaki miezi tu, Madrid wanambeba kwa kama pauni milioni 2.5. Wanampa kazi gani? Ya Makelele, aliyekuwa kiungo mkabaji wao! Hao hao waliombania Makelele mshahara hadi akaenda Chelsea 2003, wakakaa mwaka na nusu bila mtu wa kukata umeme, leo wanamtwisha namba nane (kiungo wa kupanda) kazi ya namba sita (kiungo wa kukaba). Tena nyuma ya Zidane, Raúl, Ronaldo na Beckham, watu wasiorudi kukaba. (Beckham alikuwa anarudi, nimtendee haki.) Umemwita seremala aje apige lipu, ukuta umepinda, halafu unamcheka seremala?

Na bado hakuzama kama mnavyosema. Aprili 2005 Barcelona ya Ronaldinho na Eto'o imepigwa 4-2 pale Bernabéu, uwanja wa Madrid, Gravesen kaanza. Hiyo klipu hamna?

Ukorofi sikatai. Kabla ligi ya 2006/07 haijaanza alikunjana na Robinho mazoezini, muda si mrefu akauzwa Celtic. Alikuwa mtu wa shari, hata mimi nisingetaka kukaa naye chumba kimoja kambini. Lakini huko Celtic msimu wa kwanza tu kachukua ligi na Kombe la Scotland, kamfunga Rangers, kawatupia St Mirren matatu mechi moja. Garasa gani huyo?

Timu ya taifa mechi 66. Juni 2002, Kombe la Dunia, kule Incheon, Korea Kusini, katikati Denmark wameweka Gravesen, Tøfting na Poulsen, yaani wahuni watatu watupu. Ufaransa, mabingwa wa dunia, wakalambwa 2-0 wakarudi kwao bila kufunga hata bao moja kwenye mashindano yale. Zidane alikuwemo uwanjani, mkamuulize yeye kama alicheka.

Jamaa wa klipu, najua umo humu. Njoo na hoja, na ile soda niliyokulipia jana unirudishie.